Rekodi za umma Marekani: "Nimetafuta jina lake, hana kesi"

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mama anayetafuta yaya wa watoto wake: "Nimeliandika jina lake kwenye tovuti, hana kesi." Tovuti ipi? Ya jimbo gani? Hakujua.

Dhana: ukitafuta jina mara moja, umeipekua Marekani nzima.

Hakuna daftari moja la kesi za jinai za nchi nzima ambalo mtu wa kawaida anaweza kulifungua. NCIC, hifadhidata ya taarifa za jinai ya FBI iliyoanza 1967, ni ya vyombo vya dola. Kesi nyingi huanzia katika mahakama za kaunti, na kaunti zinazidi 3,000. Wisconsin, Maryland na Missouri wana tovuti za mahakama zinazokusanya kesi za sehemu kubwa ya jimbo. California je? Kaunti 58, na kila moja unaitafuta peke yake. Ndiyo maana naanza na anwani: mwombe mtu aorodheshe kila alikoishi, kisha fuata kaunti moja baada ya nyingine. Bila orodha hiyo mimi sianzi kazi.

Majina yetu nayo yanataka subira. Mohamed Ali Hassan anaweza kuandikwa Hassan Mohamed mahakama moja na Mohammed A. Hassan mahakama nyingine; tafuta yote. Tena wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo na Wasomali, waliandikiwa kuwa wamezaliwa 1 Januari kwa kuwa siku yenyewe haikujulikana. Kwa hiyo jina na tarehe vikilingana, bado huenda unambebesha mtu kosa la mwenzake. Fungua jalada, linganisha anwani na umbo la mtu aliyeelezwa humo.

Dhana: PACER ina kila kesi. Ni tovuti ya majalada ya mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu. Kesi za kawaida za wizi wa dukani au za kumtoa mpangaji hutazipata humo.

Dhana: aliyekamatwa ana hatia. Soma kesi iliishaje, tafadhali! Nyingi hufutwa.

Dhana: baada ya miaka saba kila kitu hufutika. FCRA, sheria ya shirikisho ya 1970, inazibana kampuni zinazouza ripoti za uchunguzi wa watu, haiyagusi majalada ya mahakama. Kwa kawaida kampuni haziruhusiwi kuripoti kukamatwa kusikoishia kwenye hatia kukishapita miaka hiyo saba, lakini kutiwa hatiani hakuna kikomo katika sheria hiyo. California imeweka kikomo chake yenyewe.

Dhana: ripoti ikishatoka, huna la kufanya. Mwajiri anayetumia kampuni ya uchunguzi lazima apate ridhaa yako ya maandishi, na kabla ya kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti akupe nakala yake. Ukiona kosa, ipinge kwa maandishi kwenye kampuni iliyoiandaa, uambatanishe karatasi ya mahakama. Kwa kawaida kampuni hiyo ina siku 30 za kuchunguza upya. Mwarifu na mwajiri siku hiyohiyo, kabla hajampa nafasi mtu mwingine.