Saa ya kugeuza: maana yake kwa mpanda mlima

Kila aliyepanda daladala za Mbeya analijua neno "kugeuza". Gari linafika Uyole, konda anagonga bodi: "Mwisho wa gari, tunageuza." Abiria hawabishani naye, kwa sababu mahali pa kugeuzia palijulikana kabla gari halijatoka Kabwe.

Mlimani kuna saa ya namna hiyo. Saa ya kugeuza ni saa ambayo wapandaji wamekubaliana, tena kabla ya kuanza safari, kwamba ikifika watashuka, popote walipo. Kama kilele kimebaki hatua mia mbili na wanakiona kwa macho, bado wanashuka. Haina uhusiano na uchovu wala woga. Ni hesabu.

Nimeamua kuandika juu ya saa hiyo kwa sababu ya mpwa wangu, aliyekulia Forest hapa mjini na sasa anasoma Marekani. Wenzake walimwalika kupanda Mount Washington, jimbo la New Hampshire, mwezi wa pili. Akaniandikia: "Mjomba, mlima wenyewe una mita 1,917 tu. Si ndiyo kama kwetu nyumbani?" Kwa mita, hakukosea. Jiji la Mbeya limekaa kwenye mita 1,700 hivi, na Loleza inayotutazama kwa juu inapita mita 2,600. Mtu wa Kitulo anachunga ng'ombe juu kuliko kilele cha Mount Washington.

Lakini mlima haupimwi kwa kimo peke yake. Pale njia za dhoruba hukutana, na upepo unapobanwa kupita juu ya mlima huongeza kasi. Tarehe 12 Aprili 1934 walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa, rekodi iliyosimama mpaka kimbunga cha Australia cha mwaka 1996. Zaidi ya watu 150 wamekufa kwenye mlima huo tangu karne ya 19. Nilimjibu kwamba kabla hajanunua buti, aniambie kwanza watageuza saa ngapi.

Hesabu yenyewe huanzia mwisho. Chukua Rungwe, mlima unaokaribia mita 3,000. Giza huku kwetu linaingia baada ya saa 12:30 jioni, na ndani ya msitu linawahi zaidi. Sema unataka kuwa nje ya msitu saa 11:00 jioni. Kushuka kunachukua saa tatu na nusu, maana matope ya Rungwe hayamruhusu mtu kukimbia. Weka saa moja ya dharura: kifundo kimeteguka, mvua imeshuka, njia imepotea. Toa yote hayo kwenye saa 11:00, unabaki na saa 6:30 mchana. Hiyo ndiyo saa yako ya kugeuza. Ukiona kwamba saa hiyo haikufikishi juu, basi amka mapema zaidi, usiisogeze mbele.

Mimi niliisogeza. Tulikuwa wanne, na mzee aliyetuongoza alisema mapema, "Wanangu, saa sita na nusu tunarudi." Ilipofika saa sita na nusu tulikuwa tumeshatoka kwenye mianzi, kilele kinaonekana, nikamwomba nusu saa. Baadaye nikaomba nusu nyingine. Mzee alinyamaza, nami nikauchukulia ukimya wake kuwa ruhusa. Tuligeuza saa nane. Ukungu ukatukuta juu, giza likatukuta katikati ya mianzi, nami nikashuka tochi ya simu ikiwa mdomoni, mikono yote miwili imeng'ang'ania mashina yenye utelezi. Mwenzetu aliumia goti, na tulimbeba kwa zamu mpaka karibu saa nne usiku. Sijasahau uzito wake begani, wala sijajisamehe ile nusu saa ya kwanza.

Kwenye mlima wa theluji giza ni hatari moja tu kati ya kadhaa, na saa ya kugeuza inabidi izibebe zote. Upepo ni ya kwanza. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ikivuma kwa kilomita 50 kwa saa, inaunyang'anya mwili joto kama hewa tulivu ya nyuzi 22 chini ya sifuri. Vidole hufa ganzi, mtu anashindwa hata kufunga zipu. Kwa hiyo wapandaji makini huandika kikomo cha upepo kando ya saa: utabiri wa kileleni ukipita kiasi fulani, hatuondoki; upepo ukikizidi kikomo tukiwa njiani, tunageuza hata kama ni saa tatu asubuhi.

Ya pili ni maporomoko ya theluji, na hapa upepo unarudi kwa sura nyingine. Upepo huikwangua theluji upande unakotokea na kuirundika upande wa pili, ule uliokingwa. Huko inagandamana kuwa bamba gumu, na mara nyingi bamba hilo limelalia tabaka legevu, kama simenti iliyomwagwa juu ya punje za mahindi. Mtu anakanyaga, tabaka la chini linaachia, na mteremko mzima unaondoka naye. Miteremko mingi inayoua ina mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, ileile inayovutia kupandwa. Siku moja au mbili baada ya dhoruba ndizo mbaya zaidi, hata kama anga limetakata. Majira ya joto yanapokaribia, jua la mchana huilainisha theluji, na mteremko uliokuwa salama alfajiri haufai tena adhuhuri. Ndiyo maana kuna milima ambayo saa ya kugeuza ni saa nne asubuhi, na mgeni anashangaa watu wanarudi na jua limewaka vizuri.

Aliyefukiwa ana kama dakika 15 za matumaini makubwa, kisha nafasi yake inaporomoka. Hakuna gari la uokoaji linalofika kwa muda huo. Anayekuokoa ni mwenzako mwenye kifaa cha redio cha kutafutana, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo.

Mwaka 1996 Msweden Göran Kropp aliendesha baiskeli kutoka kwao hadi Nepal ili aupande Everest bila oksijeni ya mtungi. Tarehe 3 Mei, saa 8 mchana, akiwa amebakiza mita zipatazo 100, aligeuza, kwa kuwa angeshuka gizani. Wiki iliyofuata, tarehe 10, wengine waliendelea kupanda kupita saa hiyo, dhoruba ikawakuta, na watu 8 wakafa. Kropp alifika kileleni tarehe 23 ya mwezi uleule.

Nilimwambia mpwa wangu mambo mawili zaidi. Saa ishikwe na yule asiye na shauku kubwa ya kilele, maana mwenye shauku huomba nusu saa. Na mtu aliyebaki nyumbani aijue, ili simu isipopigwa kwa wakati aanze kutafuta msaada.

Siku yenyewe nilikaa na simu mkononi. Ujumbe uliingia saa nne usiku, huko kwao ikiwa saa nane mchana:

"Shikamoo mjomba. Tumegeuza saa tano, upepo ulizidi kile tulichoandika. Tupo kwenye gari, tunakunywa chai."