Mtindo wa majina objekti inapogeuzwa kuwa XML

Mtindo wa majina ni kanuni moja inayoamua jina la kila tagi liandikweje pale programu inapogeuza objekti (data iliyo ndani ya programu, mfano taarifa za mteja mmoja) kuwa XML, maandishi ambayo kila kipande cha data kinazungushiwa tagi yenye jina. Lianze kwa herufi kubwa au ndogo? Maneno mawili yakikutana yatenganishwe kwa alama gani? Vifupisho kama TIN (namba ya mlipakodi) vichukuliweje? Ukishajibu maswali hayo, majibu yanatumika kwa kila jina, na kazi ya kuyatumia inaachiwa mashine, si mkono wa msanidi.

Kanuni hii inahitajika kwa sababu kila lugha ya programu ina mazoea yake. Tazama klasi hii ya Java, yaani kiolezo cha objekti, ambayo kila mstari wake wa ndani ni fildi moja:

```
public class Mteja {
    private String jinaKamili;
    private String nambaYaSimu;
    private String nambaTIN;
}
```

Kwenye Java fildi ya pili ni `nambaYaSimu`, mtindo ambao wasanidi wanauita camelCase. Mwenzako wa C# ataiandika `NambaYaSimu`, yaani PascalCase. Wa Python ataandika `namba_ya_simu`, snake_case. Na kwenye XML wengi wanapenda kistari, `namba-ya-simu`, kebab-case. Simu ni ile ile ya mteja yule yule, lakini kwa XML hayo ni majina manne yasiyojuana. Tangu W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipoipitisha XML 1.0 Februari 1998, herufi kubwa na ndogo ndani yake ni vitu viwili tofauti: ukifungua kwa `<NambaYaSimu>` ukafunga kwa `</nambaYaSimu>`, waraka mzima unakataliwa.

Na kukataliwa ni afadhali, maana utajua. Kinachoumiza zaidi ni ukimya. JAXB ya Java na XmlSerializer ya .NET (jukwaa la C#), zana za kugeuza objekti kuwa XML na kuirudisha, zikikuta ndani ya waraka tagi zisiyoifahamu, kwa kawaida zinairuka tu na kuendelea. Programu ilikuwa inasubiri `namba-ya-simu`, imeletewa `namba_ya_simu`; fildi inabaki tupu, mteja anahifadhiwa bila simu, na hakuna kosa lolote kwenye logi. Tatizo litaonekana siku mtu atakapotaka kumpigia huyo mteja.

Tena mvurugano huu hauhitaji mzembe. Zana zenyewe zinatofautiana katika chaguo zinazokuja nazo. JAXB inashusha herufi ya kwanza ya klasi, kwa hiyo mzizi, yaani tagi ya juu kabisa, unatoka `<mteja>`. XmlSerializer inachukua jina kama lilivyo, inatoa `<Mteja>`. XStream, zana nyingine ya Java, isipoelekezwa vingine inaandika jina la klasi pamoja na pakiti yake yote, na hapo muundo wa ndani wa msimbo wako unamwagwa kwenye waraka anaousoma mtu wa nje. Usipoamua wewe, zana itakuamulia.

Njia ya kwanza ya kuamua ni kuandika jina juu ya kila fildi, mfano `@XmlElement(name = "namba-ya-simu")`. Kwa fildi tatu inatosha kabisa. Klasi zikifika 50 na wasanidi wakibadilishana, kuna atakayesahau, na kuna atakayeandika `nambari-ya-simu` kwa sababu kwao ndivyo wanavyosema. Njia ya pili, ambayo naitetea bila kusita, ni kuitangaza kanuni mahali pamoja. Apache Commons Betwixt, maktaba ya Java ya miaka mingi iliyopita, ilikuwa na wazo hili tayari: unaikabidhi kitu kinachoitwa `HyphenatedNameMapper` mara moja tu, nayo inaweka vistari katika majina yote, ungeweza hata kuipa elementi (tagi pamoja na kilichomo) kanuni moja na atributi (maelezo yanayoandikwa ndani ya tagi yenyewe) nyingine. Jackson, maktaba nyingine ya Java, katika toleo lake la 2 inafanya kazi hiyo kwa mstari mmoja:

```
mapper.setPropertyNamingStrategy(
    PropertyNamingStrategies.KEBAB_CASE);
```

Klasi yetu inatoka na `<jina-kamili>`, `<namba-ya-simu>` na `<namba-tin>`. Kuwa macho na mzizi lakini: kanuni hii inagusa fildi, haigusi jina la klasi, kwa hiyo juu kabisa bado utakuta `<Mteja>` yenye herufi kubwa hadi uipe jina lake mwenyewe.

Vifupisho ndivyo vinavyotesa zaidi. Mashine inajua mwanzo wa neno kwa kuona herufi kubwa. Ikikutana na herufi kubwa tatu mfululizo inabidi ikisie. Kanuni isiyo na uangalifu ingeivunja `nambaTIN` ikawa `namba-t-i-n`. Hata zana makini hazikubaliani. Chukua metodi `getURLRisiti`, ambayo zana inakata `get` ili ipate jina la fildi. Kwa kanuni ya JavaBeans, mapatano ya Java kuhusu majina ya metodi na fildi, jina linaloanza kwa herufi kubwa mbili linaachwa kama lilivyo, hivyo fildi ni `URLRisiti`. Jackson kwa mazoea yake inashusha herufi kubwa zote za mwanzo mpaka ikutane na herufi ndogo, na matokeo ni `urlrisiti`: mpaka kati ya maneno mawili umekwisha kupotea kabla mtindo wako haujaanza kazi. Dawa ninayoiamini ni kuandika kifupisho kama neno la kawaida tangu kwenye msimbo: `nambaTin`, `urlRisiti`. Wapo wanaoona hivyo haipendezi sana, ila kila zana itaisoma kwa namna moja.

Orodha nazo zina jambo lake, na hapa sisi tunaotaja fildi kwa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Betwixt ilikuwa inatafuta umoja wa jina kutoka kwenye wingi kwa kutazama mwisho wa neno, kama Kiingereza kinavyofanya. `Wateja` haina herufi ya kukata mwishoni. Badiliko lake liko mwanzoni. Usiiachie zana ikisie. Kwenye JAXB sema wazi:

```
@XmlElementWrapper(name = "wateja")
@XmlElement(name = "mteja")
```

Kwenye .NET kazi hiyo hufanywa na `XmlArray` na `XmlArrayItem`.

XML pia ina mipaka ambayo mtindo wowote hauwezi kuivuka. Jina la tagi haliwezi kuanza kwa tarakimu wala kistari, na haliruhusu nafasi. Kwa hiyo objekti ya mauzo yenye funguo kama `2024` au `Dar es Salaam` haigeuki kuwa tagi hata ufanyeje. Thamani hizo ni data, mahali pake ni kwenye atributi: `<mauzo mwaka="2024">`.

Nje ya XML nako suala hili lipo. Kwenye HTML, lugha ya kurasa za wavuti, kanuni imeandikwa ndani ya kiwango chenyewe. Atributi `data-namba-ya-simu` inasomeka katika JavaScript kama `dataset.nambaYaSimu`: kistari kinaondolewa, herufi inayofuata inakuzwa. Ukiandika `data-nambaYaSimu` ukidhani umerahisisha, kivinjari kinashusha herufi zote za jina la atributi na utapata `dataset.nambayasimu`. Kwenye JSON, muundo mwingine wa kubadilishana data, nako kebab-case ina kero yake, kwani `mteja.namba-ya-simu` kwa JavaScript ni hesabu ya kutoa.

Waliounganisha malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, wameona mitindo mitatu ndani ya huduma moja: `access_token` unapoomba ruhusa, `BusinessShortCode` na `PhoneNumber` unapotuma ombi la malipo, `errorCode` na `errorMessage` ombi likikataliwa. Ile ya kwanza ina sababu nzuri, inafuata OAuth 2.0, kiwango cha kutoa ruhusa cha mwaka 2012 ambacho kimepanga jina hilo kwa dunia nzima. Kufuata kiwango cha nje mahali kinapohusika ni sahihi. Mtindo wako unatawala yale majina uliyoyabuni wewe.

Yote haya yaamuliwe kabla waraka wa kwanza haujamfikia mtu wa nje. Jina likishasomwa na programu ya mwingine limekuwa mkataba. Kichwa cha HTTP (mstari ambao kivinjari kinautuma pamoja na ombi) kinachotaja ukurasa ulikotoka kiliingia kwenye RFC 1945, waraka unaoeleza HTTP/1.0, mwaka 1996 kikiwa kimekosewa herufi, `Referer` badala ya `Referrer`, na hadi leo vivinjari vyote vinakituma hivyo hivyo. Ukilazimika kubadilisha, soma majina yote mawili kwa muda ila andika moja tu, lile jipya. Jackson ina `@JsonAlias` kwa ajili hiyo hiyo. Kwenye JAXB ni rahisi zaidi kuupitisha waraka wa zamani kwenye XSLT ndogo (msimbo wa kubadilisha waraka wa XML) kwanza, ukabadilisha tagi, ndipo ukaugeuza kuwa objekti.