Je, wajua kwanini rangi ya korido inabanduka kuanzia chini, na kwanini chokaa haifanyi hivyo?

Ingia nyumba yoyote ya miaka mingi pale Chikongola au Magomeni hapa Mtwara, au mitaa ya Lindi mjini iliyo karibu na bahari, angalia ukuta wa korido. Juu kote rangi iko sawa, ila chini, kuanzia sakafuni mpaka magotini na wakati mwingine mpaka kiunoni, imevimba, imepasuka, ukipitisha mkono unadondoka unga mweupe. Wengi wanasema ni fangasi, wananunua dawa, wanakwangua, wanapaka rangi mpya ya bei kali, mvua za mwaka unaofuata zikipita hali inarudi palepale. Jamani, ule unga kwa sehemu kubwa ni chumvi. Na rangi tunayoichagua ndo inaifanya hiyo chumvi ilete uharibifu mkubwa hivyo.

Iko hivi. Tofali na plasta vina vitundu vidogo sana, maji ya ardhini yanapanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni juu ya msingi kwahiyo hamna cha kuyazuia. Yakipanda yanabeba chumvi, iwe ya ardhini, ya mchanga uliojengea au ile inayoletwa na upepo wa baharini. Yakifika usoni mwa ukuta maji yanakauka yanaenda zake, chumvi inabaki. Ukuta ukiwa wazi chumvi inatokea nje, unaifagia basi. Lakini ukuta ukiwa umefunikwa na rangi yenye plastiki ndani yake, chumvi inaganda nyuma ya rangi, punje zinakua, zinasukuma, mwisho rangi inaachia. Halafu chumvi hii ya kawaida ina tabia nyingine, unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75 inajivutia maji hewani yenyewe mpaka inayeyuka, hewa ikikauka inaganda tena. Pwani yetu kipindi cha mvua unyevu unapita hapo mara nyingi, kusi likianza kuvuma unashuka, kwahiyo ukuta unalowa na kukauka mwaka mzima hata kama hamna bomba linalovuja.

Korido inaumia zaidi ya vyumba kwa sababu ya ilivyojengwa. Nyumba zetu za Kiswahili korido inatoka mlango wa mbele moja kwa moja mpaka uani, vyumba huku na huku, dirisha hamna, jua haliingii, na kila siku inadekiwa. Afu ndo njia ya kila mtu, watoto wanapita wanaburuta mikono ukutani, mabegi ya shule, ndoo za maji, baiskeli. Ndo maana fundi akija atakwambia, "Mama, huku chini tupige ya mafuta, mita moja hivi, itakuwa inafutika." Ushauri unaingia akilini kabisa, ila hapo chini ndo penye unyevu mwingi, na rangi ya mafuta inaziba kuliko zote. Yaani sehemu inayohitaji rangi ngumu ndo hiyohiyo inayohitaji rangi inayopumua, yaani inayoacha unyevu utoke. Kama ukuta wako una unyevu, naomba ukatae ya mafuta, hata fundi akisisitiza.

Kuna na suala la hewa. Rangi ya mafuta inachanganywa na tina, na ile harufu kali ni kemikali zinazopaa, zinaumiza kichwa, zinawasha macho na koo, na kwenye korido isiyo na dirisha zinakaa muda mrefu na zinaingia kila chumba maana milango yote inafungukia hapo. Rangi ya maji ina nafuu kubwa, ila nayo ni chembe ndogo za plastiki zilizochanganywa kwenye maji na ina dawa za kuizuia isioze kwenye ndoo, kwahiyo usidanganyike na picha ya jani la kijani kwenye kopo. Kitu cha kuogopa zaidi ni madini ya risasi kwenye rangi za mafuta, hasa za zamani na zile za njano na nyekundu kali. Shirika la Afya Duniani linasema hamna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo maana inaharibu ubongo unaokua. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi ni sehemu 90 tu katika milioni moja, muulize muuza hadiwea kama kopo linaonyesha. Na kama mlango au ukuta wa korido una rangi ya mafuta ya zamani usipige msasa mkavu, vumbi lake ndo sumu yenyewe. Lowesha kwanza, watoto na mama mjamzito wasiwepo, vumbi na magamba uyakusanye kwa kitambaa kibichi, usifagie.

Sasa chokaa. Jiwe la chokaa au tumbawe likichomwa kwenye tanuri, joto la kama nyuzi 900, linatoa hewa ya ukaa. Jiwe safi la kilo 100 linabaki kilo 56, zile 44 zimeenda hewani. Kinachobaki kikizimwa kwa maji kinakuwa chokaa ya kupaka, ukishaipaka ukutani inavuta hewa ya ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Hapo ndo tofauti yote ilipo, rangi ya kopo ni ngozi imelala juu ya ukuta, chokaa inazama na kuwa sehemu ya ukuta, imejaa vitundu, unyevu unapita. Tena ni kali kiasi kwamba fangasi wa kweli hawaipendi. Kwa ushahidi hatuna haja ya kwenda mbali, Kilwa Kisiwani iko mkoa jirani wa Lindi, kuta za matumbawe zilizofungwa kwa chokaa zina miaka mia kadhaa zimesimama na chumvi ya bahari iko palepale, mpaka UNESCO wakaziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Mikindani nako nyumba za zamani za mawe zilijengwa hivyohivyo.

Lawama kubwa ya chokaa ni kwamba inapaka nguo, ukiegemea unatoka na bega jeupe. Ni kweli, na kwenye korido nyembamba inaudhi. Lakini chokaa inapaka kwa sababu ilikauka kabla haijawa jiwe. Kuvuta hewa ya ukaa kunahitaji unyevu, ukiipaka nzito kama uji kwenye ukuta mkavu wa moto, maji yanaondoka siku hiyohiyo na unabaki na vumbi limejishikiza tu. Kwahiyo loweka chokaa ya mfuko kwenye maji usiku kucha au zaidi, chuja kwa kitambaa, izimue iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta unyunyizie maji mpaka uwe na unyevu ila usitiririke, piga kwa brashi pana, sio rola, huku na huku. Koti ya kwanza utaona kama haijashika kitu, inaonekana maji tu, vumilia, weupe unakuja inapokauka. Subiri siku moja, nyunyiza tena, piga tena, nyembamba nne au tano zinashinda nzito mbili, siku za joto kali unarashia maji kidogo asubuhi na jioni. Sehemu ya juu isiyo na unyevu unaweza kuongeza maziwa yaliyotolewa mafuta, lita moja kwa lita kumi za chokaa, yanafunga ile rangi isipake. Chini usiweke, maziwa kwenye unyevu yanaota ukungu. Wengine wanatia chumvi ya kupikia, mi kwa kuta zetu hizi naona tuache, chumvi tunayo ya kutosha.

Ukitaka rangi tofauti na nyeupe tumia oksaidi, nyekundu au njano, ile inayotiwa kwenye sakafu ya simenti, rangi nyingine nyingi zinaliwa na chokaa. Ila korido haina mwanga, juu acha nyeupe.

Tahadhari yake ni moja ila kubwa, chokaa inaunguza. Vaa glavu na miwani, ikiingia jichoni osha na maji mengi safi hapohapo, muda mrefu, halafu hospitali. Na kama umepata ile isiyozimwa, unatia chokaa kidogokidogo kwenye maji, usimwage maji kwenye chokaa, inachemka na kuruka.

Tukisema rangi rafiki kwa mazingira tuulize pia chokaa imetoka wapi. Huku kwetu kuna watu wamekuwa wakivunja matumbawe baharini na kuyachoma kwa kuni na magogo. Tumbawe hai ni makazi ya samaki, ndo hao tunaowatafuta feri, na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 kulinda vitu kama hivyo. Chokaa ukutani itarudisha hewa ya ukaa iliyotoka kwenye jiwe, ila iliyotoka kwenye kuni hairudishi, na tumbawe halirudi leo wala kesho. Nunua ya mfuko inayotokana na mawe ya nchi kavu, ipo inayotoka Tanga.

Kama ukuta tayari una rangi ya maji au ya mafuta, chokaa juu yake haishiki, lazima ukwangue mpaka plasta ionekane. Plasta ya simenti ikiwa wazi inashika. Na chokaa haitibu maji yanayopanda, inayapa njia tu, kwahiyo ukiona nje udongo umepanda kuliko sakafu ya korido uchimbe ushuke, maji ya bati yapelekwe mbali na msingi.

Muda nao. Pesa ya korosho inaingia Oktoba mpaka Desemba, watu ndo wanaita mafundi, na mvua nazo zinaanza Novemba, Desemba, kwahiyo kuta zinapakwa zikianza kulowa. Ukiweza nunua mifuko wakati wa minada uiweke pakavu, kazi ifanyike kuanzia Juni kusi likiwa limekausha ukuta. Chokaa uliyoloweka ikabaki usiimwage mtaroni, iache kwenye ndoo ya plastiki maji yakiwa yameifunika, ufunge mfuniko vizuri mbali na watoto, inakaa hata miaka na inazidi kulainika, mwakani unagusia tu pale chini palipochakaa.