Je, wajua meli inaweza kuchajiwa bila waya?

Simama gatini Nakiwogo, Entebbe, kivuko cha MV Kalangala kikiwa kimefika kutoka Lutoboka, kwenye visiwa vya Ssese vya Ziwa Victoria. Hata kikishafungwa kamba hakitulii: kinapanda, kinashuka, kinasuguana na gati. Sasa fikiria meli ya betri inayochajiwa mahali kama hapo kila siku. Waya wake ni mnene na mzito, mabaharia wauburute na kuuchomeka kwenye majimaji. Meli ya kivita inayotakiwa kung'oa nanga upesi haina nafasi hiyo.

Dawa yake inatokana na jambo aliloligundua Michael Faraday mwaka 1831. Zungusha waya kama kata ya kubebea mtungi (ndiyo huitwa koili), kisha upitishe umeme unaogeuka mwelekeo mfululizo. Nguvu ya sumaku inayoizunguka kata hiyo nayo hugeukageuka. Weka kata ya pili karibu, nayo itapata umeme bila kuguswa. Simu inayochajiwa juu ya kibao hutumia njia hiyohiyo. Isogeze kidogo tu, inaacha kuchaji.

Na meli husogea muda wote. Kwa hiyo koili hufanywa kubwa, na zote mbili hulinganishwa ziitikie mdundo mmoja, kama unavyosukuma bembea kila inapokurudia: nguvu kidogo, mruko mkubwa. Chuma nacho ni adui. Sumaku hiyo ikilifikia bodi la meli hulipasha moto, kama sufuria juu ya jiko la indaksheni, basi nyuma ya koili hupangwa bamba za feraiti, aina ya kauri yenye sifa za sumaku, za kuizuia.

Kwamba inafanya kazi, Norway walishaonyesha mwaka 2017. Mtambo wa kampuni ya Wärtsilä ulikichaji kivuko Folgefonn kwa zaidi ya megawati 1, yaani wati milioni 1, kwenye pengo la hadi nusu mita. Kibao cha simu kikitoa wati 10, hizo ni simu 100,000 kwa mpigo. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa mno.

Je, meli ikiwa mbali ziwani? Huko nguvu ya koili haifiki, hufifia upesi. Hutumika mawimbi ya maikrowevu, yanayoelekezwa kama tochi na kugeuzwa umeme upande wa pili. Mwaka 2022 maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani ilitangaza kwamba imerusha wati 1,600 umbali wa kilomita 1. Huo ni umeme wa birika moja la chai, ilhali meli inataka mamilioni ya wati. Droni, ndege ndogo isiyo na rubani, inaweza kunufaika nao. Meli bado itabidi ije gatini.