Kabla ya kufungua kabureta, fungua kifuniko cha tangi

Jioni moja kijana wa boda alinijia hapa Kondele, Kisumu, akiisukuma pikipiki, shati limelowa jasho. "Fundi, kabureta imeziba. Nifungulie."

Nikamuuliza inazimikia wapi.

"Nikipanda kilima cha Riat na abiria wawili. Nikipumzika kidogo inawaka, halafu hapo mbele inazima tena."

Nikaanza kuishuku njia ya mafuta, wala si kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Jeti, kidude chenye tundu jembamba la petroli ndani ya kabureta, ikiziba haiponi kwa kupumzika. Kinachopona ukisubiri ni kikombe cha kabureta, kinapokaa petroli, kilichokauka kikajaa tena polepole. Kwenye pikipiki zetu nyingi za kabureta hakuna pampu. Petroli inateremka kwa uzito wake kutoka kwenye tangi. Kwenye tambarare injini inakunywa kidogo, hata mtiririko hafifu unatosha. Mlimani umevuta mkono wa mafuta hadi mwisho, inakunywa kuliko kinachoshuka.

Kifuniko cha tangi kina kitundu cha kupitishia hewa. Kikiziba, petroli inakwama kama mafuta ya kupikia kwenye mtungi usioingia hewa. Nilipokifungua kikavuta pumzi, fyuuu! Kitundu kilikuwa kimejaa udongo mkavu. Nikakisafisha, nikakipuliza, akapanda Riat. Na alikuwa ameshaambiwa mahali anunue kabureta mpya.

Kifuniko kikiwa sawa, bado sifungui kabureta. Chini ya kikombe kuna skrubu ya kumwagia. Ninaweka chupa safi ya plastiki chini ya kipaipu chake, ninaacha koki (ile ya kufungia petroli chini ya tangi) wazi, ninalegeza skrubu. (Injini iwe imepoa, na mwenye sigara akae mbali.) Mwanzo petroli itatoka kwa nguvu, maana ni ile iliyokuwa kikombeni. Isikudanganye. Tazama kinachofuata: ikiendelea kutiririka, njia ni nzima, ikigeuka matone, kuna kizuizi kwenye koki, chujio, mpira uliojikunja au sindano ya boya, ile inayofunga petroli kikombe kikijaa. Chomoa mpira kwenye kabureta. Ikimwagika vizuri hapo, basi ni sindano.

Ile chupa usiimwage. Iache itulie, kisha iinue kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo utayaona yamekaa chini kama shanga zinazoteleza ukiinamisha chupa. Msimu wa mvua ninayaona sana, hasa kwa wanaonunua petroli ya chupa kando ya barabara. Ukiona chembe za rangi ya kutu, tangi linaoza ndani, na kuosha kabureta peke yake ni nafuu ya wiki moja tu.

Petroli ikimwagika yenyewe kwenye kipaipu cha chini, sindano haifungi: uchafu, au ncha imelika. Gonga kikombe taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiacha, ulikuwa uchafu.

Jeti ndiyo ya mwisho. Ile ndogo ikiziba, pikipiki haitulii ukiachia mkono wa mafuta na asubuhi inataka choki, ile ya kuwashia injini baridi, muda mrefu, lakini ukiuvuta mkono inakwenda. Kitundu chake hakifiki hata nusu milimita. Ipulize kwa kompresa, au pitisha uzi wa kuvulia samaki, hapa Kisumu haukosekani. Waya wa chuma hapana. Jeti ni shaba nyeupe, laini. Nilipokuwa mwanafunzi niliichokonoa moja kwa waya wa breki, ikatanuka, mwenye pikipiki akarudi kesho yake akilalamika pikipiki inakunywa kama lori. Jeti mpya nililipa mimi.