Tezi ya Thairoidi Haisafishwi: Yanayoisaidia na Yanayovuruga Kipimo Chake

Kila inapokaribia tarehe 25 Mei, Siku ya Thairoidi Duniani, foleni ya kupima homoni hurefuka, na hilo ni jema. Kilichotusukuma sisi wa maabara kuandika mara hii ni maswali yanayokuja na foleni hiyo. Zamani mtu aliuliza ana ugonjwa gani. Siku hizi anauliza ale nini ili "homoni zikae sawa". Wapo pia wasiouliza kabisa. Wameshajitibu miezi mitatu kwa unga wa mwani, vidonge vya nywele na juisi ya asubuhi, ndipo wanatuletea damu tuwaambie kimetokea nini.

Jibu fupi ni kwamba mtindo wa maisha una nafasi yake katika afya ya tezi hii ya shingoni, ila nafasi hiyo ni ndogo kuliko inavyotangazwa, na sehemu yake kubwa ni kuacha kuisumbua tezi. Kwa mgonjwa ambaye tayari anatumia kidonge cha thairoidi, badiliko lenye faida kuliko mengi ni saa anayokimeza. Najua jibu hili halivutii.

Dalili hatutazirudia, zimebandikwa kwenye kuta za kliniki. Isipokuwa moja, uzito, kwa kuwa ndiyo inayowaleta wengi na ndiyo inayosemwa visivyo. Tezi iliyolegea, yaani inayotoa homoni pungufu, huongeza uzito, kweli, lakini kwa kawaida ni kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi vilivyobaki mwilini. Aliyeongezeka kilo 20 huku TSH yake, homoni tunayoipima kujua hali ya tezi, ikiwa 2.3, ambayo ni ya kawaida, atafute sababu kwingine, hata kama ukoo mzima umeshamwambia ni thairoidi.

Na TSH, tafadhali, si homoni ya thairoidi. Hutoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingoni. Ya shingoni ikizembea, pituitari hupaza sauti na TSH hupanda. Ikizidisha kazi, pituitari hunyamaza na TSH hushuka. Kwa hiyo TSH ya 12, kwa kawaida, maana yake tezi imeshindwa kutoa homoni ya kutosha. Maabara nyingi huweka kiwango cha mtu mzima kati ya 0.4 na 4.0 hivi, lakini soma kiwango kilichochapishwa kwenye karatasi yako mwenyewe, kwa sababu mashine hutofautiana. Haipiti wiki bila mtu dirishani kufurahi kwamba homoni zake "zimepanda vizuri", kumbe ndiyo kwanza anahitaji dawa.

Madini joto na hesabu yake

Tezi hutengeneza homoni kwa madini joto, yaani ayodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha, 250. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Chumvi iliyotiwa miligramu 30 za madini joto kwa kila kilo, ikitumika kwa kiasi hicho, inatoa mikrogramu 150. Hesabu ya mtu mzima wa kawaida inaishia hapo. Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, jimbo la Michigan nchini Marekani likafuata mwaka 1924, na rovu zilizokuwa zikionekana shingoni mwa watoto wa shule zikapungua sana. Kazi hiyo ilifanywa na chumvi ya kawaida. Chumvi ya bahari isiyoongezwa kitu na ile ya rangi ya waridi zina madini joto kidogo mno, hata kama pakiti yake inapendeza. Chumvi yako ifunikwe, ikae mbali na moto na unyevu, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Tatizo huanza mtu anaposema: kama upungufu unaleta maradhi, basi nikiongeza nitapona zaidi. Tezi haifanyi kazi hivyo. Ikimwagiwa madini joto mengi kwa ghafla, hufunga utengenezaji wa homoni kwa muda. Tezi yenye afya hujirekebisha baada ya siku kadhaa. Tezi yenye ugonjwa inaweza kubaki imefungwa, na mtu akaongeza ulegevu aliokuja kuutibu. Nyingine, hasa zenye vinundu vya siku nyingi, hufanya kinyume: hupata malighafi na kufyatua homoni bila breki, moyo ukaenda mbio. Gramu moja tu ya baadhi ya mwani wa kahawia hubeba zaidi ya mikrogramu 1,000, na mwani wa pakiti hii si sawa na wa pakiti ile. Ndiyo maana hatushauri unga wa mwani kama dawa ya thairoidi.

Pale ambapo watu wanapata madini joto ya kutosha, sababu kubwa ya tezi kulegea ni ugonjwa ambao daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliueleza mwaka 1912. Kinga ya mwili huigeukia tezi na kuila pole pole. Hapo tezi imekosa amani, haijakosa malighafi, na hakuna chakula kilichothibitishwa kuirudisha.

Seleniamu nayo inaulizwa sana. Mwili huihitaji ili kugeuza T4, homoni ambayo tezi hutoa kwa wingi, kuwa T3, ile yenye nguvu zaidi, na mtu mzima anatosheka na mikrogramu 55 kwa siku, ambazo samaki, mayai, nyama na nafaka kwa kawaida hutimiza. Kikomo cha juu kinachotumiwa Marekani ni 400. Ikizidi kwa muda mrefu nywele hunyonyoka na kucha hukatika, yaani matatizo yale yale yaliyompeleka mtu kununua kopo la pili.

Kabichi iliyopikwa, kula. Brokoli, kula. Mboga hizi zina kemikali zinazoweza kuizuia tezi kuchukua madini joto, ila ni zikiliwa mbichi, kwa wingi, kila siku, na mtu ambaye madini joto yake ni machache. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri una hoja nzito zaidi, kwa sababu ya sianidi, na athari yake kwa tezi huwa mbaya hasa pale madini joto yanapopungua. Suluhisho ni kuuandaa ipasavyo na kutumia chumvi yenye madini joto.

Usingizi, matembezi na mazoezi vina faida kwa kila mtu, ikiwemo mwenye thairoidi, na hatuna haja ya kurefusha. Mambo mawili tu yana uzito wa pekee hapa. La kwanza ni sigara. Kwa mwenye ugonjwa wa Graves, ule wa tezi kuzidisha kazi, uvutaji huongeza hatari ya macho kuvimba na kutokeza, na huufanya ugonjwa huo wa macho uwe mgumu kutibika. La pili ni kujinyima chakula kupita kiasi kwa jina la "kusafisha". Mwili ukihisi njaa hupunguza T3 ili ubane matumizi. Mtu anafunga wiki nzima kuamsha homoni, na homoni inashuka.

Kidonge, saa na kiganja

Mama mmoja wa makamo alitusumbua karibu mwaka mzima, au tuseme TSH yake ndiyo iliyotusumbua: 3, kisha 14, kisha 5, kisha 11. Dozi ilikuwa imeshaongezwa mara mbili. Siku moja tulimwomba atuonyeshe anavyomeza. Akafungua mkoba, akamimina kiganjani kidonge kidogo cha levothairoksini, ndicho kidonge cha thairoidi, vidonge viwili vya chuma vya kuongeza damu na kimoja kikubwa cheupe cha kalsiamu, akasema, "Navimaliza vyote kwa mpigo na kahawa, nisije nikasahau." Hakuwa amekosa dozi hata siku moja. Chuma na kalsiamu hukishika kile kidonge tumboni, na sehemu yake huishia chooni badala ya kuingia kwenye damu. Vya damu na kalsiamu vikahamishiwa jioni, na baada ya wiki nane ikabidi daktari ampunguzie dozi.

Utaratibu, basi, ni huu. Levothairoksini humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula au kahawa. Anayeshindwa asubuhi anaweza kumeza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya mlo wa mwisho, ila achague wakati mmoja na asiuhame. Chuma, kalsiamu na dawa za kupunguza asidi tumboni ziachane nayo kwa saa nne. Anayetumia vyakula vya soya kwa wingi hahitaji kuviacha, amwambie tu daktari na asibadilishe mazoea kila wiki. Vidonge vikae kwenye pakiti yake, pakavu, mbali na joto na mwanga.

Kuna jambo linalowapoteza watu waaminifu kabisa. T4, ambayo ndiyo iliyo kwenye kidonge, hukaa mwilini muda mrefu: baada ya siku 7 nusu yake bado ipo. Mgonjwa akiacha kidonge leo na kuanza juisi aliyoshauriwa na jirani, wiki ya kwanza atajisikia vizuri, na ya pili pengine pia. Anatangaza kwamba juisi imemponya. Anachojisikia ni kidonge cha wiki iliyopita. Kufikia mwezi wa pili anasinzia kazini, na jirani hayupo. Kwa sababu hiyo hiyo, baada ya dozi kubadilishwa tunasubiri wiki 6 hadi 8 kabla ya kupima tena. Ukija wiki ya pili utapata namba ambayo bado haijatulia.

Hatari kubwa zaidi ni kwa mwenye tezi inayozidisha kazi anayeacha dawa ghafla ili "ajaribu njia ya asili". Huyo anaweza kuishia chumba cha wagonjwa mahututi. Na mjamzito anayetumia levothairoksini awasiliane na kliniki mara tu kipimo cha ujauzito kinapothibitika, asisubiri tarehe ya miadi. Miezi mitatu ya kwanza mtoto hutegemea homoni ya mama, na dozi mara nyingi huhitaji kupanda kwa asilimia 25 hadi 50.

Siku ya kutoa damu

Huhitaji kufunga kula kwa ajili ya TSH. Jitahidi kupima saa zile zile za siku kila mara, kwa kuwa TSH hupanda usiku na kushuka mchana. Kidonge cha asubuhi kimeze baada ya kutoa damu. Ukiwa na homa kali au umelazwa kwa ugonjwa mwingine, kipimo kisicho cha dharura kiahirishwe, maana ugonjwa wenyewe huvuruga namba.

Chupa ya damu huandikwa jina na namba ya mgonjwa mbele yake, na mgonjwa anatakiwa kuisoma kabla haijaondoka. Tafadhali isome. Chupa isiyo na jina haipimwi. Chupa yenye jina lisilolingana na fomu haipimwi. Hatuandiki jina baadaye kwa kukumbuka, hata kama mtoa damu bado amekaa benchi na tunamwona. Damu hiyo inamwagwa na anatoa upya. Damu ambayo chembe zake zimepasuka nayo hurudiwa. Anayetoa damu kwa kadi ya ndugu yake, matokeo yote yenye kadi hiyo kwa siku hiyo hufutwa na daktari hujulishwa, kwa sababu jalada likichanganyika mara moja kuna mtu atapewa dozi ya mwenzake. Tumeshabembelezwa kwa kila lugha kuhusu hili. Jibu halibadiliki.

Na vidonge vya nywele na kucha vitajwe. Vingi vina bayotini, na mashine nyingi za homoni hutumia bayotini hiyo hiyo kushikiza sehemu za kipimo. Ikijaa kwenye damu inachukua nafasi za watu, na mashine inasoma TSH ya chini na T4 ya juu ambazo mwilini hazipo. Mtu mzima anatosheka na mikrogramu 30 kwa siku. Vidonge hivi huwa na 5,000 au 10,000. Viache angalau siku mbili kabla ya kupima, zaidi ikiwa dozi ni kubwa au figo zina tatizo, na utuambie hata kama umeshaviacha.

Binti mmoja aliletwa na majibu ya kutisha: TSH 0.05 na T4 juu, ikisomeka kama Graves. Lakini alikuwa ametulia kitini, mikono haitetemeki, mapigo ya moyo 68. Swali la vidonge tulimuuliza mara tatu, akakataa mara tatu. Vile vya nywele hakuvihesabu kuwa dawa, kwa kuwa ni "vya asili". Tulimrudisha nyumbani, akaviacha siku tatu, akatoa damu upya. TSH ikaja 2.1. Tezi yake haikuwa na lolote. Nywele bado zilikuwa zinadondoka, na daktari alipompima akiba ya madini ya chuma ndipo akakuta karibu imekwisha.