Mkunga hai kwenye ndoana: yanayosemwa na yaliyo kweli

Pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kuanzia Montauk hadi Cape Cod, mkunga hai ni chambo cha kutegemewa cha kumvulia usiku samaki aitwaye besi wa milia (Morone saxatilis). Mkunga huyo ni Anguilla rostrata. Huzaliwa Bahari ya Sargasso, hukulia mitoni na kwenye milango ya mito, kisha hurudi baharini mara moja tu kuzaa. Si yule wa mwambani mwenye meno makali ambaye wavuvi wa Lamu na Pemba wanamjua vizuri, kwa hiyo hofu ya kung'atwa vibaya iache nyumbani.

"Huyu ni nyoka, tena ana umeme." Ni samaki, ana matamvua na mapezi. Yule wa umeme anaishi Amerika Kusini, na wala si wa ukoo huu. Cha kuangalia ni damu: ikiwa mbichi ina sumu inayowasha macho na vidonda. Nawa kabla hujajigusa uso.

"Mtie ndoo ya maji ili asife." Hapa ndipo chambo cha watu wengi kinapoharibikia. Mikunga kumi na wawili kwenye ndoo ya maji yaliyotuama humaliza hewa upesi, ute wao huyachafua, na asubuhi unawakuta wamekufa. Maji ya bomba yana klorini, ambayo huwaumiza zaidi. Mkunga hupumua pia kupitia ngozi, hivyo anachohitaji ni unyevu na ubaridi. Chukua kasha la barafu, tandika chini chupa za maji yaliyogandishwa, funika kwa gunia bichi au mwani, kisha walaze mikunga juu. Acha tundu la kutolea maji wazi. Chupa ni bora kuliko barafu ya vipande kwa sababu haimwagi maji ndani. Wakikaa hivyo wanastahimili usiku mzima, na faida ya pili ni kubwa vilevile: mkunga aliyepoa huwa mlegevu. Mkamate nyuma ya kichwa kwa kitambaa kikavu cha kukwaruza, kwani mkono mtupu hauwezi ule ute. Mkunga mwenye joto hujiviringisha kwenye mshipi na kuufunga mafundo ambayo gizani hutayafungua.

"Mtunge popote, mradi asichomoke." Akitungwa mgongoni huzunguka majini na kuusokota mshipi. Ingiza ndoana chini ya taya, itokee kwenye jicho moja, na ncha ibaki wazi kabisa. Ncha ikijificha kwenye nyama ya kichwa, besi atameza na kutema bila kunaswa. Kwa mkunga wa sentimita 25 hadi 40, ndoana ya namba 6/0 hadi 8/0 inatosha. Kipande cha mwisho cha mshipi kiwe cha fluorokaboni (aina ya plastiki ngumu) kinachohimili uzito wa ratili 40 hadi 60, urefu wa mita moja hivi, kilichoungwa kwa kiungo cha chuma kinachozunguka. Kwenye mawe na maji ya kina kifupi usiweke chubwi, maana mkunga huzama mwenyewe. Mtupe taratibu bila kumchapa, kisha vuta polepole. Ukiulegeza mshipi, atajichimbia mawe.

"Akigusa tu, vuta kwa nguvu." Ushauri huo ulifaa ndoana ya zamani yenye umbo la J. Tangu 2021, anayevua besi wa milia kwa chambo kwenye pwani hiyo anatakiwa kutumia ndoana ya duara isiyopinda ubavuni, yaani ambayo ncha yake imerudi ndani kuelekea shina bila kuegemea upande. Ukiivuta ghafla, inateleza kutoka mdomoni. Shusha ncha ya fimbo, hesabu sekunde mbili tatu mshipi ukikazika, kisha zungusha rili bila kukurupuka. Ndoana itageuka yenyewe na kushika pembe ya mdomo. Hilo lina uzito, kwa sababu samaki wengi lazima warudishwe majini, na aliyenaswa kooni mara nyingi hufa.

Kuna pia wanaodhani mkunga aliyekufa hafai kitu. Anafaa, ila sasa kazi ya kumchezesha ni yako. Ngozi yake nayo wavuvi wa huko wameivalisha vyambo vya mbao kwa vizazi.

"Waliobaki wamwage mto wowote, ni kuwahurumia." Tafadhali usifanye hivyo. Mikunga wengi hubeba mnyoo Anguillicola crassus, aliyetoka Asia, ambaye hunyonya damu kwenye kibofu cha hewa, kiungo wanachokihitaji kwa safari ndefu ya kurudi Sargasso. Ukimhamisha mkunga kutoka mto mmoja kwenda mwingine, umemhamisha na mnyoo. Nunua wanaotosha usiku mmoja, wasiopungua sentimita 23 kama sheria inavyotaka. Wakibaki, watunze kwenye baridi kwa safari ya kesho au wagandishe.